Aliniambia akifa nichome kitabu ya deni, na mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka

BARUA

Habari yako mshauri. Naomba usiweke jina langu maana soko ya Kibuye watu wanajuana. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Manyatta hapa Kisumu na nauza mitumba ya watoto sokoni. Hii barua nimeiandika kwa simu mara tatu nikafuta, leo nimesema acha iende vile ilivyo.

Nilikuwa na rafiki, soko yote ilikuwa inamwita Nyar Alego. Mimi ni Mluhya wa Vihiga kwa hivyo yeye alikuwa ananiita Mulembe, miaka kumi na moja hakuwahi niita jina langu, hadi watoto wake wananijua kama Anti Mulembe. Alikuwa na kibanda cha mabati kando ya mafundi wa viti, asubuhi uji na mandazi, mchana ugali, omena, sukuma na mgongo wazi. Kwa wenye hawajui, mgongo wazi ni ile mifupa ya mbuta yenye inabaki kiwandani nyama ikishatolewa ipelekwe ng'ambo, inakaangwa pamoja na kichwa. Mgeni akiuliza mbona hii samaki haina nyama, alikuwa anamjibu nyama imeenda Ulaya lakini angalia vizuri, kichwa imebaki, sisi ndio tuko na akili. Tulikuwa tumeisikia mara mia na bado tunacheka, kwa sababu ya vile alikuwa anaisema akiwa amekunja uso kama mtu anasoma habari za saa moja.

Na mkono wake ulikuwa wazi kuliko hiyo mgongo. Mafundi waliandika na rangi kwa mabati yake MKONO WAZI HOTELI na akaiacha hivyo. Ukija kwake na huna kitu atakujua tu kwa vile unasimama pale mlangoni, hata kabla useme. Anakupakulia ugali na sukuma tupu watu wakiona, ukianza kula unakuta kipande ya samaki imefichwa chini ya ugali. Ukimwangalia anakwambia polepole, nyamaza, huyo anatafutwa na polisi. Kijana mmoja wa boda aligongwa pale Kondele akalazwa, wiki tatu Nyar Alego alikuwa anampelekea uji kwa flaski kabla afungue kibanda, na hawakuwa hata ndugu.

Alikuwa na sukari. Kidonda ya mguu ikakataa kupona na mwezi wa pili akatuacha, miaka 46. Tulimzika Seme kando ya bwana yake mwenye alitangulia. Boda zilimsindikiza kutoka mochari hadi barabara ya Bondo zikipiga honi, watu walikuwa wanasimama kando wakifikiri ni mheshimiwa.

Sasa shida yangu ni hii. Alikuwa na kaunta buku ya deni, ile kubwa, kava yake imeiva mafuta ya samaki hadi ukiifungua unasikia harufu ya kibanda. Ndani hakuna mtu ameandikwa na jina yake. Kuna Breki Baadaye, kuna Pasta Chapo Mbili, Kesho Kutwa, Nyundo, Bwana Nakuja Saa Hii, Mama Sina Chenji. Wenye wanajua nani ni nani ni yeye na mimi tu, maana mengine tulitunga pamoja jioni tukiosha sufuria. Nimepiga hesabu usiku mara mbili na simu, yote ni 61,340. Nyingi ni 40, 80, 160, lakini kuna zingine za elfu mbili, elfu tano, za tairi, za hospitali, za nyumba. Kuna laini nyingi amepiga kalamu na najua hazikulipwa, ameandika pembeni "amelipa na stori" ama "huyu Mungu atanilipia". Zingine ameacha vile ziko.

Na mimi niko ndani. Bwana yangu aliposimamishwa kazi na mtoto wangu wa kwanza akafukuzwa karo, Nyar Alego alinipea 14,000 bila kuniuliza mara mbili. Nimelipa 5,000. Pale pembeni ya laini yangu ameandika "anatembea kama kobe lakini anakuja". Bado 9,000, na hakuna mtu anajua.

Hiyo kitabu alinipea mwenyewe akiwa mgonjwa nyumbani, akasema nimwekee. Kwa miaka mingi pale kibandani alikuwa anapenda kusema siku nikifa mchome hii kitabu, kwa sababu hawa watu wakinilipa wote siku moja nitafufuka nije nishangae. Ilikuwa stori yake ya kila siku. Halafu siku tisa kabla aage nilikuwa nimekaa na yeye kitandani, watoto wametoka, akanishika mkono akasema, Mulembe, ile kitabu, choma. Nikamwambia wakikulipa utafufuka. Akafanya kama anacheka. Mshauri mpaka leo sijui kama alicheka ama alikohoa.

Wiki mbili zimepita binti yake mkubwa alikuja kwangu. Ako na miaka 21, ndiye anashikilia wadogo wake, na kibanda amejaribu kufungua lakini siku zingine hafungui. Mdogo wa mwisho anaingia Gredi 10 mwezi wa kwanza. Tulikuwa tunaongea tu mambo ya ukumbusho, akaniambia hawana hata picha ya mama yao ya kuweka kwa kitambaa cha meza kwa sababu simu yake iliibiwa kwa matanga, halafu akaniuliza, anti, mama alikuwa na kitabu, unajua iko wapi? Nikasema sijui. Imetoka tu. Na iko kwangu ndani ya debe la unga.

Sasa nikipea yeye, najua shemeji yao ataingilia na ataanza kuzunguka soko akidai watu, na wenye walilia sana kule Seme wakisema huyu mama alitulisha watasikia kumbe alikuwa anaandika. Jina lake litaharibika. Nikichoma, watoto wa rafiki yangu wamekosa 61,000 na mimi nimejisamehea 9,000 yangu mwenyewe. Sijui kama nataka kuichoma kwa sababu alisema ama kwa sababu ya hiyo pesa. Silali.

Na tena wameniambia niongee kwa ukumbusho mwezi wa kumi na mbili, huko Seme. Mama mmoja wa kanisa ameniambia nisilete mambo ya kuchekesha, niseme tu alikuwa mcha Mungu. Lakini mimi nikiondoa kicheko sijui nibaki nikisema nini juu yake. Nisaidie.

Kobe, Kisumu

JIBU

Dada yangu, pole. Nilitaka kukuita Mulembe nikaona hapana, hilo jina lina mwenyewe, acha libaki kwake. Nitakuita dada.

Barua yako nimeisoma jana jioni na nimeisoma tena leo asubuhi, na kwanza niseme tu hivi, mimi sikuwahi kukanyaga hicho kibanda lakini huyo mama nimemwona. Nimeona ugali na kile kipande chini yake. Kwa hivyo hiyo hofu yako kwamba hujui utasema nini Seme tutairudia baadaye, lakini ujue tayari umeshasema, umenisemea mimi.

Kama nimekuelewa, umebeba mambo matatu na yamejifunga pamoja mpaka yanaonekana kama moja. Kuna neno la rafiki yako, choma, ambalo hujui ulipokee kama wosia ama kama ile stori yake ya kila siku. Kuna watoto wake, na karo ya mwezi wa kwanza. Na kuna 9,000 yako, ambayo inakufanya usiamini hata moyo wako mwenyewe. Mimi sitakuambia choma ama usichome. Nataka tufungue fundo polepole, moja moja, halafu wewe uone ni ipi inakunyima usingizi kweli.

Nianze na mahali ulipita haraka. Umesema binti aliuliza, anti, mama alikuwa na kitabu, unajua iko wapi? Hapo hapo wewe ukasikia deni, ukasikia shemeji, ukasikia soko nzima ikidaiwa. Lakini yeye hakutaja pesa, angalau si kwa yale uliyoniandikia. Kabla ya hapo alikuwa anakuambia hawana picha ya mama yao kwa sababu simu iliibiwa. Picha zilienda na hiyo simu, na nadhani kama kulikuwa na sauti ya mama yao mle ndani nayo imeenda. Sasa niulize, mwandiko wa mama yao uko wapi? Uko kwa debe lako la unga. Inawezekana kabisa msichana anataka kudai watu, ana miaka 21 na ana wadogo, hata angekuwa anataka kudai si makosa. Lakini inawezekana pia anataka tu kuona vile mama yake alikuwa anaandika saba. Wewe hujui, na mimi sijui, kwa sababu hukumuuliza anakitakia nini.

Na kuna jambo lingine hapo. Huyo mtoto alikua akimjua mama wa nyumbani, mama wa maliza homwaki, mama wa pesa hakuna. Yule wa "huyo anatafutwa na polisi" mlikuwa mnamjua nyinyi wa sokoni zaidi. Ndani ya hicho kitabu kuna mama yake ambaye hajakutana naye vizuri. Na hata akikipata leo hataweza kukisoma. Atasoma Breki Baadaye 2,000, Kesho Kutwa 160, na hatajua acheke wapi. Unaona? Uliandika kana kwamba swali ni kitabu kiende wapi. Mimi naona kitabu bila wewe ni karatasi yenye mafuta. Ufunguo ni wewe, hata ukikitoa leo bado wewe ndiye utaitwa kukisoma, na hata ukikichoma leo wewe bado unamjua Nyundo ni nani.

Tuje kwa lile neno. Umejitesa sana na kama alicheka ama alikohoa. Dada, inawezekana ni vyote viwili. Watu wa mzaha mkubwa mara nyingi hawana mlango mwingine wa kupitishia jambo zito, wanalipitisha pale pale pa mzaha kwa sababu ndipo wamezoea. Kwa hivyo siwezi kukuambia ni utani tu, sahau. Alikushika mkono, watoto wakiwa nje. Hiyo si kitu kidogo. Lakini ebu fikiria na upande huu pia. Umesema yeye mwenyewe alikuwa anapiga kalamu madeni ambayo hayakulipwa. Amelipa na stori. Huyu Mungu atanilipia. Kumbe kusamehe alikuwa anajua, tena alikuwa na kalamu yake. Zile laini aliziacha bila kupiga, aliziacha kwa nini? Labda alitaka zilipwe. Labda hakuwa amefika hapo, ugonjwa ukamfikia kwanza. Labda alikuwa ameanza kuchoka na kuona aseme tu neno moja limalize yote. Na kama alitaka kiteketee kabisa, mbona alikupea ukiweke, na jiko lilikuwa hapo nyumbani kwake? Siulizi ili nikufunge mdomo, nauliza kwa sababu wewe ulikuwa ukiosha sufuria na yeye jioni, una jibu la karibu kuliko langu.

Nilimuuliza rafiki yangu wakili, bila kutaja jina wala soko, kwa sababu nilitaka nisikupotoshe. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inakubali wosia wa mdomo, lakini lazima usemwe mbele ya mashahidi wawili ama zaidi na msemaji awe amefariki ndani ya miezi 3. Siku 9 ziko ndani ya hiyo miezi, lakini shahidi ulikuwa peke yako. Kwa hivyo kisheria yale madeni bado ni mali ya marehemu, ni ya watoto wake, na kifungu cha 45 kinakataza mtu kushika ama kuharibu mali ya marehemu bila ruhusa ya sheria, adhabu yake inafika faini ya 10,000 ama kifungo cha mwaka mmoja, ama vyote viwili. Na deni la makubaliano ya kawaida likipita miaka 6 halidaiki tena kortini. Sikutishi, hakuna mtu wa Kibuye ataenda kortini kwa chapo mbili. Nakuambia ujue tu mahali umesimama, na ujue pia huyo shemeji naye hana ruhusa ya kuamka asubuhi na kuzunguka akidai watu kwa jina la marehemu eti kwa sababu ni mwanaume wa boma. Akileta hiyo, chifu yuko, na barua ya chifu ndiyo huwa mwanzo wa mambo ya mirathi.

Lakini sheria haijui vile Nyar Alego alikuwa anakunja uso, kwa hivyo tuendelee.

Ukichoma, kuna amani fulani, umetii neno la mwisho la rafiki. Hatari yake ni kwamba moto haurudishwi. Ukigundua mwaka ujao kwamba binti alitaka mwandiko tu, utamwambia nini? Na ile "sijui" uliyomwambia itabaki imekaa kati yenu, kila ukipita pale kibandani itakuwa imekutangulia.

Ukimpa kimya kimya bila maelezo, umetua mzigo, lakini umeutua kwa mabega ya mtoto. Hapo ndipo naona shemeji akiingilia kweli, kwa sababu msichana atatafuta mtu wa kumsomea.

Ukiamua kwenda kwa wenye deni wewe mwenyewe, jua utapata majibu ya kila aina. Kuna mwenye atakuambia nililipa, na labda ni kweli, marehemu hakupiga kalamu. Kuna mwenye atauliza wewe ni nani. Kuna mwenye atatoa siku hiyo hiyo na kulia. Sio lazima uende ukisema unadaiwa. Ungeweza kwenda kwa yule Breki Baadaye, mwenye nadhani ni wa boda na alipiga honi mpaka barabara ya Bondo, ukamwambia tu mtoto wa mwisho wa Nyar Alego anaingia Gredi 10. Ukanyamaza. Yeye anajua alikula nini. Hiyo nayo ina ubaya wake, mtu asiye na kitu utamweka pabaya, na kuna watu kwa hicho kitabu nadhani hawana kitu hadi leo, ndio maana walikula kwa mkopo.

Ama ungekaa na binti peke yenu, bila shemeji, bila wadogo, jioni moja, mkakifungua pamoja. Umwambie lile neno la mama yake, choma, kama lilivyosemwa, na umwambie kwamba hujui alikuwa anacheka ama vipi. Umwachie naye abebe hilo swali kidogo, yeye ni mtu mzima sasa, na mama alikuwa wake. Hatari? Anaweza kukasirika kwamba ulimdanganya. Anaweza kusema anataka kila shilingi. Anaweza kusema tuchome. Unaweza kutoka hapo mkiwa mmegombana. Sitakuficha hilo.

Nataka nikuulize pia kuhusu hofu yako ya jina kuharibika, eti watu watasema kumbe alikuwa anaandika. Mimi nimejaribu kuwaza hivyo nikashindwa. Mama mjane ana watoto, ananunua omena na mafuta na makaa kila siku, angeendeshaje kibanda bila kuandika? Mkono wazi haimaanishi mtu hajui hesabu. Alijua ni 40, alijua ni 160, na akijua hivyo bado kesho yake anakufichia samaki. Kwangu hiyo inamfanya mkubwa zaidi. Lakini soko lenu mnalijua nyinyi, labda kweli kuna mdomo mmoja pale wa kugeuza maneno, kwa hivyo sikuambii hofu yako ni ya bure. Nasema tu uipime tena.

Sasa zile 9,000. Dada yangu, hapa ndipo nilihisi barua inatetemeka. Unaogopa kwamba mkono utakaowasha kiberiti ni mkono wa mdaiwa. Je, ukizitenganisha? Deni lako wewe halihitaji kitabu. Hakuna mtu wa kukusomea, unalijua. Ungeweza kuanza kulilipa hata kesho, elfu moja moja kwa mkono wa huyo binti, useme tu mama yako alinisaidia karo na sikuwa nimemaliza, kabla hujaamua chochote kuhusu kitabu. Labda ukiwa njiani kulipa utasikia vizuri zaidi moyo wako unataka nini kuhusu zile 52,000 zingine. Ama labda utaona hapana, yeye angekupigia kalamu. Hilo pia wewe ndiye unajua. Ila aliandika "anakuja", hakuandika "amefika", na mimi nimesoma hilo neno mara nyingi sana tangu jana.

Kuhusu ile "sijui" iliyotoka, usijipige nayo. Uliulizwa ghafla na ukashika kile ulikuwa umekabidhiwa, hata kuku akishtuliwa anafunika vifaranga kwanza. Wiki mbili si mbali. "Nilikudanganya juu ya kitabu, nilikuwa naogopa" inasemeka bado.

Halafu Seme. Huyo mama wa kanisa simlaumu, anataka marehemu aheshimiwe, na mtu akisimama kuchekesha vibaya matanga yanaharibika kweli. Lakini wewe hutaki kuchekesha, unataka kumleta yeye aje awe pale dakika tano. Na uko unaenda kwa Waluo, dada. Hao wana pakruok, ngoma ikilia, iwe nyatiti ama ohangla, mtu anasimama anajisifu na kumsifu rafiki yake kwa majina ya kuchekesha na ya fahari, na hakuna anayesema ni kukosa heshima. Mimi nikiangalia yale majina ya kwenye kitabu naona mkono wa mtu aliyekulia kwenye hiyo sanaa, na wewe Mluhya wa Vihiga alikufundisha jioni kwa jioni bila wewe kujua. Labda uongee na msimamizi wa shughuli na wazee wa boma mapema uone watakuwekaje, na huyo mama wa kanisa umsimulie ile ya kichwa cha samaki ukiwa na yeye peke yake. Kama atacheka, umepata jibu. Kama hatacheka, basi ile ya kipande chini ya ugali haina kosa hata mbele ya madhabahu.

Jambo moja tu ningekuomba uliangalie sana. Yale majina usiyasome mbele ya watu hata kwa upendo, kwa sababu Pasta Chapo Mbili atakuwa ameketi pale na familia yake, na watu wa soko wana akili ya kufungua mafumbo. Jina ambalo unaweza kulitaja bila kumuuliza mtu ni lako. Ukisimama pale useme mimi niliandikwa kobe, na ueleze kwa nini, sidhani kuna mtu Seme atauliza tena kama huyo mama alikuwa mkarimu ama alikuwa mcheshi.

Kwa sasa, kabla ya yote, kitoe kwa hilo debe. Unga unaingia unyevu na panya hawachagui. Kifunge na gazeti, halafu na karatasi ya nailoni, ukiweke juu mahali pakavu. Na ukishaonana na binti niandikie, hata kama ni laini mbili, nataka kujua alikuwa anakitakia nini.